Tuta dogo la kuzuia mafuriko: namna ya kulijenga lisije likawa ndilo mafuriko

Ukimwambia mtu unajenga bwawa, swali lake la kwanza huwa ni litahifadhi maji kiasi gani. Kwa bwawa la kuzuia mafuriko, swali hilo unaligeuza: litakaa tupu siku ngapi? Siku nyingi za mwaka ni bonde kavu tu, lenye tuta la udongo upande mmoja na bomba lililo wazi chini ya tuta. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanayoshuka yanazidi uwezo wa bomba, yanajikusanya nyuma ya tuta, kisha yanatoka polepole kwa saa kadhaa. Walio chini ya bonde wanapokea maji yaleyale, ila hayawajii kwa mkupuo mmoja.

Wengi huweka nguvu zao zote kwenye tuta, halafu bomba na njia ya maji ya ziada vinapata kilichosalia mfukoni. Mimi naanza na njia za maji kutoka, kwa sababu tuta la udongo halipendi maji yalipite mgongoni. Yakishapita juu yake, yanachimba mfereji, mfereji unapanuka, na maji yote uliyoyakusanya yanashuka kwa dakika chache. Hapo umewatengenezea jirani zako mafuriko makubwa kuliko waliyokuwa wakiyapata kabla hujagusa jembe.

Mwongozo huu ni wa tuta lisilozidi mita 3 kwenda juu, kwenye korongo au mkondo wa msimu, mahali ambapo likibomoka maji yatapita mashambani na si vyumbani mwa watu. Kama ni refu zaidi ya hapo, au kuna nyumba, shule au barabara kubwa chini yake, mtafute mhandisi wa mabwawa kwanza. Na nchi nyingi zina mamlaka ya maji inayotaka kibali kabla ya kuziba mkondo, hata mdogo. Omba mapema, kibali kikichelewa utajikuta unajenga huku mawingu yanakutazama.

Hatua ya 1: Hesabu maji kabla ya kuhesabu udongo

Panda juu ya bonde na utafute mstari wa vilele ambao mvua ikidondoka ndani yake lazima ishukie kwenye korongo lako. Eneo hilo ndilo kidakio. Lipime kwa ramani ya mwinuko au kwa kutembea na simu yenye GPS ukifuata vilele.

Kuna hesabu moja ya kukariri: milimita 1 ya mvua kwenye hekta 1 ni mita za ujazo 10 za maji. Tuseme kidakio ni hekta 20 na imenyesha mvua ya milimita 60 kwa saa moja. Hiyo ni 60 × 20 × 10, yaani mita za ujazo 12,000. Si zote zinazofika kwako, kwa kuwa nyingine zinazama ardhini. Msitu au ardhi yenye mchanga mwingi huachia sehemu ndogo tu, kati ya 0.1 na 0.3. Mashamba ya kulima huachia 0.3 hadi 0.5. Miteremko mitupu na maeneo yenye mabati na lami yanaweza kuachia 0.6 hadi 0.9. Tukichukua 0.4, zinakufikia mita za ujazo 4,800.

Kisha kasi ya maji kwenye kilele cha mafuriko. Zidisha ile sehemu inayotiririka kwa nguvu ya mvua (milimita kwa saa) kwa ukubwa wa kidakio (hekta), halafu gawa kwa 360. Jibu linakuja kwa mita za ujazo kwa sekunde. Hapa: 0.4 × 60 × 20 ÷ 360 = 1.33.

Fanya hesabu hiyo mara ya pili kwa mvua mbaya zaidi, ile ambayo watu huisimulia kwa miaka mingi. Ardhi imeshalowa haswa, kwa hiyo inaachia 0.6, na mvua ni milimita 120 kwa saa. Unapata mita za ujazo 4 kwa sekunde. Shika namba zote mbili. Ya kwanza inapanga ukubwa wa bwawa, ya pili inapanga usalama wake. Takwimu za mvua utazipata kwenye kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, lakini usiziamini peke yake: tazama takataka zilizokwama kwenye matawi ya miti ya korongoni, na waulize wazee maji yaliwahi kufika wapi.

Hapa ndipo miradi mingine inapaswa kuishia, na si aibu. Kidakio kikiwa hekta 500, mvua ile ile inaleta mita za ujazo 120,000, na bwawa dogo la mita za ujazo elfu tatu hivi ni kikombe chini ya maporomoko. Afadhali kujenga matuta madogo kadhaa huko juu kwenye vijito, au kurudisha nyasi na miti, kuliko kuweka tuta moja mdomoni mwa bonde na kujidanganya. Jambo jingine linalosahaulika ni hili: ukichelewesha maji ya kijito kimoja, yanaweza kukutana na kilele cha kijito cha jirani na kufanya mambo kuwa mabaya zaidi pale vinapoungana. Angalia mvua mbili tatu, ujue kipi kinatangulia.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Tafuta mahali bonde linapojibana, huku juu yake pakiwa papana na mteremko wa taratibu. Hapo tuta fupi linazuia maji mengi. Kingo zote mbili ziwe imara, zisizo na mapango, chemchemi wala mwamba uliopasukapasuka. Na walau ukingo mmoja uwe na ardhi ya asili ambapo unaweza kupitisha maji ya ziada kando ya tuta. Ukikosa ukingo wa namna hiyo, hama. Uzuri mwingine wote wa mahali hapo hautakusaidia.

Ujazo wa bwawa unakadiriwa hivi: upana wa maji kwenye tuta, mara umbali ambao maji yatarudi nyuma, mara kina cha juu kabisa, kisha gawa kwa 6. Upana mita 80, urefu mita 120, kina mita 2: unapata mita za ujazo 3,200.

Lakini mvua yetu ilikuwa inaleta 4,800! Ndiyo, ila bomba halikulala. Maji yanapoingia, bomba linatoa. Likitoa wastani wa mita za ujazo 0.15 kwa sekunde kwa saa mbili, zimeshaondoka zaidi ya 1,000. Mia chache zinazobaki zitapita taratibu kwenye njia ya ziada, kilele kikiwa kimeshapita. Bwawa dogo halilazimiki kumeza mafuriko yote. Linakata kichwa chake.

Hatua ya 3: Pima utoro wa maji, kisha ndipo tuta

Utoro ni ile njia ya maji ya ziada. Uchimbe kwenye ardhi ya asili kando ya tuta, kamwe usiuweke juu ya udongo uliojaza wewe. Sakafu yake iwe sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, iote nyasi zilizoshikana, na mwisho wake urudishe maji mkondoni mbali na kitako cha tuta.

Kwa utoro mpana wa nyasi, kila mita moja ya upana, maji yakiwa na kina cha mita 0.4, hupitisha takriban mita za ujazo 0.43 kwa sekunde. Mvua mbaya ilikuwa 4. Gawa: unahitaji mita 9.3, weka 10. Katika hesabu hii chukulia kwamba bwawa limejaa na bomba limeziba. Wengi hukata kona hapa kwa kusema "lakini bomba pia litasaidia". Mafuriko hushuka na magogo, magodoro na mabua ya mahindi, na usiku ule mbaya kuliko yote ndio usiku ambao bomba linaziba.

Sasa urefu wa tuta unajileta wenyewe. Kina hadi mdomo wa utoro ni mita 2. Ongeza mita 0.4 za maji yanayopita kwenye utoro. Ongeza mita 0.6 za nafasi ya usalama, ambayo maji hayapaswi kuigusa kabisa, kwa ajili ya mawimbi, makosa ya hesabu na mvua ambayo hakuna aliyeitarajia. Jumla mita 3. Udongo hushuka hata ukishindiliwa vizuri, kwa hiyo inua katikati ya tuta sentimita 15 hadi 30 zaidi. Likionekana limevimba kidogo katikati, usimruhusu mtu wa greda alisawazishe.

Mgongo wa tuta uwe na upana wa mita 3. Upande unaotazama maji ulale kwa mita 3 kila unapopanda mita 1. Upande wa nyuma, mita 2.5. Watu hutaka kuusimamisha upande wa maji ili waokoe udongo. Bwawa la mafuriko hujaa na kukauka haraka kuliko lambo la kawaida. Maji ya nje yakishuka upesi, udongo ndani ya tuta bado umelowa na mzito, na hakuna tena maji ya kuuegemea. Mteremko mkali unamong'onyoka hapohapo.

Kwa vipimo hivi, kitako cha tuta pale penye kina zaidi kinakuwa na upana wa mita 19.5. Tuta lenye urefu wa mita 110 kwenye bonde lenye umbo la V litakula karibu mita za ujazo 1,400 za udongo ulioshindiliwa. Udongo uliochimbwa huvimba, kwa hiyo hesabu 1,800 za kubeba. Kwa lori la mita za ujazo 7, ni zaidi ya safari 250. Ni vizuri kuijua namba hii kabla ya kumwita mwenye katapila.

Hatua ya 4: Ujue udongo wako

Chimba mashimo ya majaribio kwenye mstari wa tuta na pale utakapochota udongo, mita 2 kwenda chini ikiwezekana. Chukua konzi ya udongo kutoka kila tabaka, ulowanishe, ufinyange kama unga wa ugali, kisha uviringishe mikononi upate kamba nene kama penseli. Ukikubali kuwa kamba ndefu bila kukatika, una mfinyanzi wa kutosha. Ukivunjikavunjika, ni kichanga. Unachotaka ni mchanganyiko: mfinyanzi wa kuzuia maji, pamoja na mchanga na changarawe za kuupa nguvu. Mfinyanzi mtupu hupasuka ukikauka. Jaza pia chupa inayoonyesha ndani udongo hadi theluthi, ongeza maji, tikisa, na uiache siku nzima: mchanga utalala chini, kisha matope laini, na mfinyanzi juu. Ukipata mfinyanzi robo hivi ya jumla, endelea.

Jaribio la tatu ndilo linalorukwa, na ndilo limeangusha matuta mengi yaliyoonekana mazuri. Weka punje ya udongo yenye ukubwa wa harage kwenye glasi ya maji safi yasiyo na chumvi. Usitikise. Ikimeguka tu na kulala chini, sawa. Ikianza kutoa wingu la maziwamaziwa linaloenea kwenye glasi, udongo huo unayeyuka kwenye maji. Ufa mdogo ndani ya tuta la udongo wa namna hiyo hugeuka tundu, na tundu hugeuka handaki. Ama utafute udongo mwingine, ama umpate mtaalamu wa kuutibu kwa chokaa au jasi. Kuushindilia zaidi peke yake hakutakuokoa.

Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi hadi mguu unazama, nao una kisa chake. Kwenye lambo lililojaa mwaka mzima unaweza kuvumilika kwa sababu haukauki. Tuta letu linakaa kavu miezi mingi, na mvua ya kwanza hulikuta limejaa nyufa. Kama huna udongo mwingine, uweke katikati tu, kisha uufunike pande zote na juu kwa udongo wenye changarawe usiopasuka, unene wa nusu mita au zaidi.

Hatua ya 5: Andaa msingi

Anza mwanzoni mwa kiangazi, na usianze kama huna uhakika wa kumaliza kabla ya mvua. Tuta la nusu ni hatari kuliko kutokuwa na tuta.

Piga vigingi na kamba. Hamisha levo ya mdomo wa utoro na ya mgongo wa tuta kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule wanaotumia waashi. Kwangoa udongo wa juu wenye mizizi, sentimita 15 hadi 30, eneo lote ambalo tuta litakalia, na uuhifadhi pembeni maana utarudi. Ng'oa visiki vyote na mizizi yake. Kisiki kikioza ndani ya msingi huacha bomba ambalo hukulipanga.

Katikati ya mstari wa tuta, kutoka ukingo hadi ukingo, chimba handaki la upana wa mita 2 au zaidi, lishuke hadi lizame walau nusu mita kwenye tabaka lisilopitisha maji. Lijaze mfinyanzi bora ulio nao, tabaka kwa tabaka, ukiushindilia. Handaki hili halionekani kazi ikiisha, kwa hiyo ndilo la kwanza kupunguzwa. Bila hilo maji yatapita chini ya tuta lako zuri kana kwamba halipo.

Hatua ya 6: Laza bomba

Hapa nitakaa kidogo. Mahali bomba linapokatiza tuta ndipo penye udhaifu mkubwa kuliko pote.

Kipenyo kisipungue milimita 300, hata kama hesabu inakuruhusu dogo zaidi, kwa sababu ya takataka. Bomba la milimita 300 likiwa na karibu mita 2 za maji juu yake hutoa takriban mita za ujazo 0.25 kwa sekunde, na hupungua kadiri maji yanavyoshuka. Bwawa letu la 3,200 litakauka kwa saa sita hadi nane. Lengo ni likauke ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu mvua za msimu huja zikifuatana.

Lilaze kwenye ardhi ya asili iliyo ngumu, lenye mteremko mdogo kuelekea nje. Usilitandikie mchanga wala kokoto kama wanavyofanya mafundi wa barabara. Hapo umeyachimbia maji njia. Shida kubwa ni pale chini ya mapaja ya bomba, yaani mbavu zake za chini, ambapo shindilio halifiki. Dawa yake ni kulikalisha kwenye kitanda cha zege kinachopanda hadi katikati ya ubavu wake, kuta za zege zikilala kidogo ili udongo uzibane kadiri tuta linavyoshuka. Nimewahi kusimama juu ya tuta ambalo fundi aliruka hatua hiyo. Masika ya pili maji yalikuwa yanatoka pembeni mwa bomba, si ndani yake.

Zamani ilikuwa desturi kuvisha bomba kola za zege ili kuyakatisha maji safari. Siku hizi wataalamu wengi huziacha, kwa kuwa ni vigumu kushindilia kuzizunguka. Badala yake, kwenye theluthi ya mwisho ya bomba upande wa chini wa tuta, huzungushia mchanga safi wa punje kubwa wenye njia ya kutolea maji nje. Maji yakipenya yanafika kwenye mchanga, yanatoka, lakini punje za udongo zinabaki. Si mgongano na nilichosema juu kidogo: mchanga huu hauanzii upande wa bwawa, uko karibu na kutokea tu.

Kwenye mdomo wa kuingilia, jenga kizimba cha nondo chenye umbo la kichuguu, kikubwa mara kadhaa kuliko bomba, ili matawi yakikwama upande mmoja maji yapite mwingine. Kwenye mdomo wa kutokea, tandaza mawe makubwa, la sivyo maji yatachimba shimo linalorudi nyuma hadi kwenye tuta.

Usiweke valvu wala geti. Mwezi wa kiangazi mtu atasema, "Kwa nini tusizibe kidogo tupate maji ya kumwagilia?" Anasema kweli, maji yanahitajika. Lakini bwawa lililojaa siku mvua inapokuja halizuii chochote. Baada ya mafuriko ya Machi 1913 kule Dayton, Marekani, yalijengwa mabwawa matano ya udongo kwenye bonde la mto Great Miami, yakakamilika 1922. Matundu yake ya kutolea maji hayana mageti, na mabonde yake hukaa makavu hadi mto ufurike. Mfano wa kinyume ni bwawa la udongo la South Fork, Pennsylvania. Mabomba yake ya kutolea maji yalikuwa yameondolewa na hayakurudishwa, mgongo wake ukashushwa ili magari ya farasi yapite, na utoro ukawekewa nyavu samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 lilibomoka, watu zaidi ya 2,200 wakafa. Ukihitaji maji ya kumwagilia, jenga lambo lako kwingine.

Hatua ya 7: Pandisha tuta tabaka kwa tabaka

Chota udongo ndani ya eneo la bwawa ikiwezekana, lakini si karibu na kitako cha tuta: acha walau mita 10, na usikwangue mfinyanzi ukafichua kokoto chini yake. Chimba kwenye kingo huku ukiacha mteremko unaoelekea bomba. Shimo lililo chini ya mdomo wa bomba litabaki dimbwi, litazalisha mbu, na halitakuongezea nafasi hata ya ndoo moja.

Mwaga udongo kwa tabaka la sentimita 15 hadi 20, au 10 kama unashindilia kwa mikono. Kabla ya tabaka jipya, kwaruza la chini yake ili yashikane. Unyevu ni kila kitu. Bana udongo kiganjani: ufanye donge bila kukuachia maji mkononi, na ukiudondosha kutoka usawa wa kiuno upasuke vipande vichache. Ukisambaratika kama unga, nyunyiza maji. Ukibandika ardhini kama uji, uanike.

Katapila si mashine ya kushindilia. Minyororo yake imetengenezwa kusambaza uzito ili isizame, na hicho ndicho usichokitaka. Tumia rola yenye meno, au trekta lililosheheni lipite na kurudi tairi kwa tairi. Kundi la ng'ombe nalo linafanya kazi nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Utajua tabaka limeiva ukichoma kwa nondo nyembamba na ikakataa kuingia kirahisi. Karibu na bomba, weka mashine nzito mbali hadi kuwe na udongo wa zaidi ya nusu mita juu yake. Huko shindilia kwa mkono.

Hatua ya 8: Valisha tuta

Rudisha udongo wa juu uliouhifadhi na upande ukoka au nyasi nyingine ya kutambaa, kwenye tuta na kwenye utoro. Panda mapema, umwagilie, kwa sababu utoro usio na nyasi siku ya mvua ya kwanza ni korongo jipya. Miti hapana, hata ile mizuri ya kivuli. Mizizi yake inatafuta maji ndani ya tuta, na ikifa inaacha matundu. Zungushia uzio, njia ya ng'ombe mgongoni mwa tuta ndipo maji yatakapoanzia kupita.

Hatua ya 9: Mara ya kwanza likijaa

Kaa hapo, au umweke mtu wa kuaminika mwenye tochi na simu. Tembea kwenye kitako cha nyuma, kwenye kingo, na pale bomba linapotokea. Unyevu kidogo si ajabu, hata kijimaji safi kinachotiririka bila tope na bila kuongezeka. Kichote kwenye chupa inayoonyesha ndani ukitazame. Kikiwa na tope, tuta linabebwa kutoka ndani, na saa imeanza kuhesabu.

Kwanza wahamishe watu walio chini. Hilo ni kabla ya koleo. Kisha, kama ni salama kukaribia, usizibe pale maji yanapotokea. Yatatafuta pengine pabaya zaidi. Funika kwa mchanga wa punje kubwa, juu yake kokoto, juu yake mawe, au zungushia magunia ya mchanga ili maji yapande ndani ya duara na kupunguza nguvu. Maji yatoke, udongo ubaki.

Hatua ya 10: Miaka inayofuata

Kila baada ya mvua kubwa, ondoa takataka kwenye kizimba. Kabla ya msimu, fyeka nyasi ili uione ardhi: nyufa, vichuguu vya mchwa, mashimo ya fuko na panya. Chimbua kila tundu hadi mwisho wake, ulijaze na kulishindilia. Kulifunika kwa juu ni kulificha tu. Pita kwenye mgongo wa tuta na mpira wa maji kila mwaka, na pale palipoinama ongeza udongo. Tope likijaa nyuma ya tuta, lichimbe, ni mbolea nzuri ya shamba.

Simika nguzo ndani ya bwawa, ichore alama kila sentimita 10, na uandike maji yalifika wapi kila mvua. Yakianza kupita kwenye utoro kila mwaka wakati zamani hayakuwa yakifika, kuna kilichobadilika huko juu: msitu umekatwa, au mabati mapya yameongezeka. Rudi hatua ya kwanza na hesabu mpya, ukianza na upana wa utoro.